Bei ya mgeni: jinsi ya kuishi Pune bila kupigwa kila siku

Siku niliyofika Pune, India, nilipanda bajaji kutoka stesheni ya treni hadi mtaa wa Kondhwa, nikalipa rupia 500. Tena nilishuka kifua mbele, maana dereva alikuwa ameanza na 700 na mimi, mtoto wa Kariakoo, nilikuwa nimemshusha. Jioni Watanzania wawili walionipokea, wanafunzi wa mwaka wa tatu, walicheka mpaka wakakaa chini. Kwa viwango vya sasa, safari ile ni ya kilomita kama nane, na mita ya nauli iliyo kwenye bajaji inaandika rupia 136 hivi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba bajaji ni mzaliwa wa hukohuko: kampuni ya Bajaj Auto ina makao makuu Akurdi, pembeni tu ya Pune. Nimekulia kwenye bajaji, halafu nikaenda kulanguliwa bajaji kwao.

Haya nimewaandikia wanaokwenda India kusoma, kufanya kazi au kuuguza ndugu. Nitaisemea Pune kwa sababu ndiko nilikokaa miaka minne. Ukiwa Bengaluru, Hyderabad au Delhi, mengi ni yaleyale, majina tu ndiyo yanabadilika.

Jambo moja nililielewa kwa kuchelewa. Sisi tunadhani dawa ya bei ya mgeni ni kujua kupatana. Lakini mimi nilipatana vizuri sana, 700 ikawa 500, na bado nikapigwa. Anayejua kwamba safari ni 136 hana haja ya kupatana, anasema "washa mita" na kukaa kimya. Kwa hiyo hatua nyingi hapa chini ni za kuijua bei kabla hujaiuliza.

1. Tenga bei ya sheria na bei ya wizi

Kuna bei ya mgeni ambayo imeandikwa ukutani na hutaishinda. Taj Mahal, Mhindi anaingia kwa rupia 50 na mgeni kwa 1,100, na kila mmoja anaongeza 200 akitaka kuingia kwenye kaburi lenyewe. Mapango ya Ellora na Ajanta, ambayo wanafunzi wa Pune huyaendea wikiendi ndefu, ni 40 kwa Mhindi na 600 kwa mgeni, na ukikata tiketi mtandaoni unalipa 550. Watoto chini ya miaka 15 hawalipi. Usigombane na mtu wa dirishani. Hata Serengeti Mtanzania analipa kwa shilingi na mgeni kwa dola, na hatujawahi kuona aibu.

Ada ya chuo nayo ni hivyohivyo: vyuo vingi vina ada ya raia na ada ya mwanafunzi wa kigeni, na ya pili ni kubwa. Hapo kazi yako ni kuomba karatasi ya ada ya chuo chenyewe na kulipa kwenye akaunti ya chuo chenyewe. Tofauti kati ya karatasi hiyo na kiasi ulichotajiwa na wakala ndiyo bei yake yeye.

Kinachobaki ndicho cha kupigania: kitu kilekile, duka lilelile, lakini bei inapanda kwa sababu ya uso uliotokea mlangoni.

2. Jifunze namba, na si kwa kubahatisha

Watu hujifunza salamu na "asante", halafu wanaishia hapo. Achana na salamu kwanza. Wiki ya kwanza jifunze namba za Kihindi, kwa sababu pesa nyingi huondoka kwenye sikio kabla hazijaondoka mfukoni.

Tuna bahati, nusu ya msamiati wa fedha tunao tayari. Pesa yetu ni paisa yao, laki yetu ni lakh yao, hesabu ni hisaab, elfu wanaiita hazaar. Laki wanaitumia kila siku, na alama za mkato wanaziweka kwa kuhesabu laki: ukiona 1,50,000 kwenye karatasi ya mkataba usidhani ni kosa la chapa, ni laki moja na nusu.

Mtego wa kwanza ni pachis na pachas. Pachis ni 25, pachas ni 50. Kwa sikio jipya ni neno moja. Nimelipa 50 ya kitu cha 25 zaidi ya mara moja, na muuzaji hakudanganya, alisema ukweli na mimi nikasikia vibaya. Mpaka leo sijui kama naye alikuwa na wajibu wa kunirudisha.

Mtego wa pili ni nusu na robo. Wao hawasemi "mia moja na hamsini" kila mara, wanasema dedh sau, moja na nusu ya mia. Dhai sau ni 250. Saadhe teen sau ni 350. Halafu kuna mmoja uliowekwa mahususi kwa ajili yetu Waswahili: sawa sau. Muuza ndoo aliniambia "sawa sau", nami nikajibu "sawa, sawa", nikampa noti ya mia na kuondoka. Akaniita. Nikarudi. "Sawa sau!" Nikasema sawa. Watu wakaanza kujaa. Kumbe sawa kwa Kihindi ni moja na robo, na ndoo ilikuwa rupia 125.

Jizoeze kwa njia ya kijinga: simama karibu na genge la mboga kama unayesubiri mtu, sikiliza bei, kisha angalia noti zinazotolewa. Dakika ishirini kwa siku, wiki mbili, sikio linafunguka. Faida nyingine ni kwamba unasikia bei anazotajiwa mwenyeji.

3. Geuza pakiti

Hii ndiyo zawadi ambayo India inampa mgeni, na wengi hawaijui kwa miezi. Kwa mujibu wa Sheria ya Vipimo ya 2009 na kanuni zake za bidhaa za pakiti za 2011, kila kitu kilichofungashwa kwa ajili ya rejareja lazima kichapwe bei ya juu kabisa inayoruhusiwa, kodi zote zikiwa ndani. Tafuta herufi MRP. Maji, sabuni, biskuti, mchele wa pakiti, balbu, hata karatasi ya vidonge. Kuuza juu ya bei hiyo ni kosa.

Kwa hiyo mwenye duka akikutajia bei, usibishane na usikunje uso. Geuza pakiti, weka kidole kwenye MRP, mwangalie. Nimeona bei ikishuka bila neno lolote kutamkwa.

Kuna visingizio vyake. Cha kwanza ni "ni baridi": soda imekaa kwenye friji, basi ongeza rupia mbili au tano za ubaridi. Haimo kwenye sheria. Cha pili ni stesheni za treni, ambako maji ya reli, Rail Neer, yaliuzwa rupia 15 kwa lita kwa miaka mingi, na Septemba 2025 yakashushwa hadi 14, lakini mchuuzi wa kwenye behewa atakuomba 20 kwa sababu treni inaondoka na wewe una kiu. Namba ya malalamiko ya reli ni 139. Kuitaja tu kwa sauti mara nyingi kunatosha.

Hoteli na mgahawa wa kukaa ni habari nyingine. Mahakama ya Juu ya India iliamua mwaka 2017 kwamba wanaweza kuuza maji ya chupa juu ya bei iliyochapwa, kwa kuwa wanauza na kiti na huduma. Kwa hiyo usije ukanyanyua chupa mbele ya mhudumu ukajidhalilisha bure.

Na kumbuka MRP ni dari. Maduka ya dawa mengi yanapunguza ukiomba, na maduka ya mpango wa serikali wa Jan Aushadhi yanauza dawa zisizo na jina la kampuni kubwa kwa bei ndogo mno. Kama unatumia dawa ya presha au kisukari kila mwezi, uliza lililo karibu siku ya kwanza.

Duka likikataa kabisa, kuna simu ya taifa ya walaji, 1915, na Kiingereza kinasikika. Piga picha ya pakiti na ya risiti. Hakuna risiti? Basi ndiyo maana unaiomba kabla hujatoa hela.

4. Bajaji

Wao wanaiita auto au riksha. Tangu Septemba 2022 nauli ya mita Pune huanzia rupia 25 kwa kilomita moja na nusu ya kwanza, kisha 17 kila kilomita. Mumbai tangu Februari 2025 huanzia 26. Viwango hubadilika, kwa hiyo waulize wanafunzi wenzako vya mwezi huo. Saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri mita inaongezewa robo. Robo, siyo mara mbili.

Namna ya kufanya: taja mtaa kabla hujaingia, sema "meter se", yaani kwa mita, na uangalie kama imeanza upya. Akisema mita imeharibika, mshukuru, mwendee wa pili. Atakuambia pia kwamba atarudi mtupu kutoka kwenu, hivyo ulipie na safari ya kurudi. Ukiwa unakwenda mwisho kabisa wa mji kuna ukweli kidogo ndani yake. Ukiwa unakwenda Kondhwa, ambako abiria hawakauki, ni hadithi.

Usisimame kwenye foleni ya bajaji zilizo mbele ya lango la stesheni au la hospitali. Hao wanavua wageni. Tembea dakika tatu hadi barabara kubwa usimamishe inayopita. Delhi kwenye stesheni kubwa kuna vibanda vya kulipia kabla. Lipa dirishani, na kile kikaratasi usimpe dereva mpaka ufike, kwa sababu bila hicho yeye halipwi.

Programu za simu zinasaidia kwa sababu zinakuonyesha bei kabla. Hata usipopanda, fungua programu uone makadirio, halafu ndipo uongee na dereva wa barabarani.

Kuhusu kuwaita: dereva mtu mzima mwite "kaka". Kwa Kimarathi, lugha ya wenyeji wa Pune, kaka ni baba mdogo, kwa hiyo utakuwa umempa heshima bila kujifunza neno jipya. Kijana mwenzako ni "dada", maana huko dada ni kaka mkubwa. Na "mama" ni mjomba, basi usishangae mzee mwenye masharubu akiitika. Mwanamke muuza mboga ni "mavshi", mama mdogo. Maneno haya manne yamenipunguzia bei kuliko Kiingereza changu chote.

5. Nyumba

Hapa ndipo pesa za kweli zinapotea. Rupia 20 za bajaji zinauma, lakini kodi ya nyumba iliyopandishwa rupia 4,000 kwa mwezi ni 48,000 kwa mwaka, na unailipa ukiwa umetulia kabisa kwa sababu hujui jirani analipa ngapi.

Basi kabla ya kumwona dalali (neno ni lilelile, dalal, na tabia ni zilezile) tafuta kodi ya jengo lenyewe. Muulize mlinzi wa getini. Mlinzi anajua kila ghorofa inakodishwa ngapi, nani anahama mwezi ujao, na mwenye nyumba yupi ni mkorofi. Muulize pia Mwafrika aliyekaa pale, lakini uliza na Mhindi, kwa sababu ukiuliza Waafrika peke yao utapata bei ya mgeni ikiwa imezoeleka.

Dalali Pune kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja. Mgeni ataombwa miwili. Kataa kwa upole, tena kabla hamjaenda kuona chumba, maana ukishapenda dirisha umeisha. Amana Pune aghalabu ni miezi miwili au mitatu. Bengaluru walikuwa na mazoea ya kuomba hata kumi, kwa hiyo usilinganishe miji.

Mkataba wa kawaida ni wa miezi 11. Katika jimbo la Maharashtra, ambamo Pune imo, sheria inataka uwe wa maandishi na usajiliwe, na huo ndio ulinzi wako. Hakikisha amana imeandikwa humo kwa tarakimu na kwa maneno, na imeandikwa nini kitakatwa ukihama. Mwenye nyumba wangu wa kwanza alinikata rangi, usafi, na "uchakavu wa swichi". Swichi! Kwa wa pili nilipiga picha kila ukuta siku ya kuingia, nikamtumia kwenye simu, na siku ya kutoka hakukata kitu.

Watakuambia kodi yako iko juu kwa sababu mgeni ana usumbufu wa karatasi. Usumbufu wenyewe ni fomu moja, iliyojulikana kwa miaka mingi kama Fomu C, ambayo mwenye nyumba anaijaza mtandaoni kuiarifu FRRO, ofisi ya uandikishaji wa wageni, kwamba amempangisha mgeni. Ni wajibu wake na haina malipo. Na wewe, kama viza yako ni ya zaidi ya siku 180, unajiandikisha FRRO ndani ya siku 14 tangu uingie nchini. Tangu 2018 kazi hiyo inafanyika mtandaoni. Watu hutoza maelfu kwa kuijaza fomu ambayo ukikaa jioni moja na pasipoti, barua ya chuo na mkataba wa nyumba unaimaliza mwenyewe.

Umeme: omba namba ya mteja iliyo kwenye bili ya Mahavitaran, shirika la umeme la jimbo, uwe unaiangalia bili mwenyewe mtandaoni. Kama ni hosteli yenye mita ndogo kwa kila chumba, andika namba ya mita siku unayoingia na uulize bei ya uniti kwa maandishi. Kuna mahali niliuziwa uniti kwa bei ambayo hata kiwanda hakilipi.

Sasa lile ambalo halina hatua. Kuna nyumba utanyimwa kwa sababu wewe ni Mwafrika, na kuna nyingine utapewa kwa kodi ya juu kwa sababu hiyohiyo, na mwenye nyumba atakuambia usoni huku akikuandalia chai. Mkataba mzuri hauondoi hilo. Nilichokiona kikisaidia ni kurithi chumba: Mtanzania, Mkongo au Mkenya anayemaliza masomo anakutambulisha kwa mwenye nyumba kabla hajaondoka, na kodi inabaki ileile aliyokuwa akilipa. Vyumba vizuri vya Kondhwa havifiki kwa dalali, vinapitia mikononi mwetu. Kwa hiyo jitokeze kwenye vikao vya wanafunzi hata kama hupendi vikao.

6. Sokoni

Matunda na mboga havina MRP. Nenda Mandai, soko kuu la zamani katikati ya mji, zunguka mara moja bila kununua. Usiulize "bei gani?" kwa Kiingereza. Uliza kama wanavyouliza wao: "tamatar kaise diye?" Tafsiri yake ndiyo ileile ya kwetu, "nyanya unauzaje?", na anayeuliza hivyo anaonekana ana jiko nyumbani. Agiza kwa pav, robo kilo. Mwenyeji ananunua pav ya hiki na nusu ya kile, mgeni ndiye anayesema "kilo mbili".

Tulshi Baug, kwenye vyombo na nguo, hapo ndipo Kariakoo yako ifanye kazi. Anza chini ya nusu, cheka, ondoka pole pole. Ukiitwa, bei bado ilikuwa ya juu. Usipoitwa, sasa umeijua bei, rudi kesho.

Lipa kwa simu mara tu unapopata akaunti ya benki ya huko. Kila genge lina karatasi ya QR, unalipa rupia 37 kamili na kile kisingizio cha chenji kinakufa. Kabla ya hapo utarudishiwa pipi.

7. Hospitali

Wengi wanaokuja India kutoka kwetu wanakuja na mgonjwa, na mwenye mgonjwa hana nguvu ya kupatana. Hospitali nyingi kubwa za binafsi zina dawati la wagonjwa wa kimataifa, na hesabu zake zinaweza kuwa tofauti na za raia. Pia mtu anayekupokea uwanja wa ndege, anayejua Kiswahili kidogo na ana moyo wa kusaidia, mara nyingi analipwa na hospitali kwa kukuleta. Hilo peke yake si dhambi, ila ujue kwa nini anaisifia hospitali moja tu.

Kabla ya kusafiri, tuma ripoti za mgonjwa kwa barua pepe kwa hospitali tatu, moja kwa moja, na uombe makadirio ya maandishi. Yaonyeshe siku za kulala, aina ya chumba, ada ya daktari, dawa na vifaa, na nini kitaongezwa mambo yakienda vibaya. Chumba kina maana kuliko kinavyoonekana, kwa sababu katika hospitali nyingi ukipanda daraja la chumba, gharama ya upasuaji uleule inapanda nayo. Ukifika, omba bili ya kila siku badala ya kusubiri ya mwisho. Dawa za kununua nje soma MRP, rudisha dukani zisizofunguliwa, na risiti zote zitie bahasha moja ambayo hakuna anayeishika ila wewe.